Magari Manne kwa Watu Wanne

Nianze na dai lenyewe ili anayetaka kubisha ajue pa kushika. Marafiki wanne wanaokwenda Lushoto kwa magari manne hawajasafiri pamoja. Wamekutana Lushoto. Hayo ni mambo mawili, na kukutana mahali hata watu wenye kesi mahakamani hukutana.

Nawaandikia wapenzi wa fasihi kwa makusudi, maana ugonjwa huu nimeuona kwetu sisi tunaojiita wasomaji. Kikundi chetu hapa Dar kina watu sita. Tunasoma kitabu, tunabishana, na kila baada ya miezi kadhaa tunatoka mjini kwenda kutembea: msitu wa Pugu, Bagamoyo, Morogoro, na mara moja moja milima ya Usambara. Tulianza na Noah moja ya mwenzetu. Watu sita, mabegi nyuma, ndizi za kuchoma zinapita mkono kwa mkono. Kisha maisha yakanyooka, alhamdulillahi, mmoja akapata Harrier, mwingine Forester, mwingine Prado iliyotumika, na yule wa Noah akaiuza akapanda daraja. Siku hizi tangazo la safari kwenye simu linakuja na sentensi moja fupi: "Kila mtu na usafiri wake."

Wawili hatuna gari: mimi, na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye kwa maoni yangu ndiye msomaji mzuri kuliko sisi wote. Safari ya mwisho ya Usambara walikwenda wanne kwa magari manne. Mwalimu aliandika, "Mtaniwakilisha." Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana, na mmoja alimwekea alama ya moyo. Viti vilivyopanda mlima vitupu, ukihesabu vitano kwa kila gari, vilikuwa kumi na sita.

Najua jibu linalokuja: "Unasema hivyo kwa sababu huna gari." Sawa. Sina. Nina leseni, nina macho na ninajua kugawanya. Asiye na gari ndiye anayekiona kiti kitupu vizuri kuliko mwenye gari, kwa sababu mwenye gari anatazama mbele. Na hata kama kesho nitaokota IST, kiti kitupu kitabaki kiti kitupu.

Tuanze na neno, maana sisi ni watu wa maneno. Safari tuliipokea kutoka Kiarabu na kuifanya yetu. Kwetu safari ni kwenda: kwenda kwa shangazi Muheza ni safari, kwenda hijja ni safari. Karne ya kumi na tisa Waingereza walilichukua neno hilo, wakalivalisha kaki, wakalipa bunduki, baadaye kamera. Leo ukiliandika neno safari kwenye intaneti unaletewa Land Cruiser iliyofunguliwa paa na simba pembeni. Hilo si la kushangaza, mgeni ana haki ya kununua anachouziwa. La kushangaza ni sisi, wenye neno, kununua tafsiri yao. Kijana wa Kinyerezi anakwambia hajawahi "kufanya safari" kwa sababu hana gari la juu. Bibi yake alisafiri Tanga hadi Kigoma kwa lori na treni akiwa na mtoto mgongoni, lakini eti huyo hakufanya safari.

Na neno jirani yake, msafara, limepatwa na makubwa zaidi. Mzizi wao ni mmoja. Msafara ni watu wanaokwenda pamoja. Leo ukisema msafara mjini Dar, mtu anaelewa ving'ora, barabara imefungwa, magari meusi yanapita kwa kasi na wananchi tumesimamishwa juani. Msafara umekuwa mstari wa magari. Watu wametolewa ndani ya neno. Tunapokwenda Lushoto kwa Harrier, Forester, Prado na hilo jingine, taa za hatari zikiwaka kama tunasindikiza maiti, tunaigiza msafara wa wakubwa na tunasahau msafara wa wasafiri.

Fasihi yetu ya safari ilizaliwa ndani ya msafara wa aina ya kwanza. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu cha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya watu wa pwani yetu. Mmoja wao ni Selim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani Bumiller, akaandika kwa Kiswahili alichokiona. Sitaki kuipaka asali misafara ya zamani. Ilikuwa na wapagazi waliobeba mizigo ya wengine kwa mabega yao, na mingine ilibeba pembe za ndovu pamoja na watu waliotekwa. Ninachosema ni hiki: masimulizi ya safari yanahitaji mwenzio. Yanahitaji mtu wa kukukatalia, wa kulala njaa nawe, wa kuona kitu kilekile na kukisimulia vingine. Ukiwa peke yako nyuma ya usukani, kiyoyozi kinapuliza na redio inaimba, unachorudi nacho ni picha. Angalieni wenyewe tulichoandika baada ya safari za Noah, na tulichoandika baada ya safari za magari manne. Za Noah zilizaa insha tatu na shairi moja baya ambalo bado tunalicheka. Za magari manne zimezaa albamu.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo uongo mkubwa ulipojificha. Wenzangu wanasema: "Barabara za kule bwana, unahitaji gari." Barabara gani? Kutoka Dar hadi Segera ni lami. Segera hadi Mombo ni lami. Mombo unakata kulia unapanda mlima kilomita thelathini na kitu hadi Lushoto, kona kwa kona, na yenyewe ni lami. Coaster za abiria zinapanda kila siku na magunia ya viazi juu yake. Vitz inapanda. Kinachotakiwa pale ni breki nzima, gia ndogo wakati wa kushuka na dereva asiye na haraka. Prado yenye breki mbovu ni hatari kuliko Passo yenye breki nzima.

Au tuchukue Udzungwa. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake hakuna barabara za kuzungusha watalii kwa gari. Unafika Mang'ula, unaacha gari, unatembea. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, unayafikia kwa miguu yako. Shangingi la milioni mia na bajaji vyote vinaishia palepale kwenye maegesho, kisha kinachopanda ni mapaja. Wasomaji wa Nairobi wanaujua mlima Longonot: gari linabaki getini, anayepanda ni wewe na pumzi yako. Kwa hiyo mtu anayeniambia amenunua gari la juu ili aende kupanda milima ananichekesha. Ni kama kununua meli ili ukaoge ufukweni.

Nimeshalitaja shangingi, basi tusilipite. Hakuna neno la Kiswahili linalonifurahisha kama hili. Mtaa umelichukua neno linalotumika kwa mwanamke wa mjini aliyebobea kwenye starehe, ukalipachika kwenye Land Cruiser za wakubwa. Kejeli imo ndani ya neno: kitu cha gharama, cha kujionyesha, kinacholelewa kwa fedha za mtu mwingine. Mitaa ilikuwa na akili. Ilikataa kuliita gari lile "la kazi" kama waraka wa serikali ulivyoliita. Lakini tazama tulivyogeuka. Neno tulilowachomea wakubwa sasa tunalitamani liwe letu. Mtu anasema, "Mwakani na mimi nitavuta shangingi," na kejeli imekufa mdomoni mwake hata haijui imekufa saa ngapi.

Na kama hoja ni ubaya wa njia, basi historia ya mbio za magari za Afrika Mashariki inatuumbua. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope ambalo leo hatulijui. Nani alishinda? Peugeot 404, gari la familia, ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yalimaliza. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ndiyo, najua, wale walikuwa madereva hodari na magari yao yaliandaliwa. Simwambii mtu apitishe IST kwenye udongo mweusi wa masika. Nasema hivi: gari dogo halikuwahi kuwa kizuizi cha kutoka nyumbani katika sehemu hii ya dunia. Kisha Peugeot hizohizo, zile ndefu za safu tatu za viti, zikageuka teksi za kuchangia kati ya mji na mji. Mshindi wa mbio akawa gari la watu saba wasiojuana. Hiyo ndiyo heshima ambayo gari linaweza kupewa.

Kuna sehemu zinazohitaji gari la juu kweli. Ukitaka kuzunguka ndani ya hifadhi wakati wa mvua, lihitaji. Basi likodini pamoja, moja, pamoja na dereva anayeijua njia. Watu sita wakikodi gari moja kwa siku mbili wanalipa sehemu ndogo sana ya gharama za kulimiliki gari hilo mwaka mzima ili litumike hivyo mara mbili. Kununua gari la siku mbili na kuliendesha siku mia tatu kwenye foleni ya Mwenge ni uamuzi ambao hata mhasibu wa kanisa angeukataa.

Tufanye hesabu, maana fasihi isiyojua hesabu huishia kuombaomba. Dar hadi Lushoto kwenda na kurudi, tuweke kilomita 700 hivi. Bei ya mafuta EWURA huitangaza upya kila mwezi, kwa hiyo tuseme shilingi 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu tu. Gari dogo likienda kilomita 14 kwa lita, zinaondoka lita 50, shilingi 150,000. Prado tuihurumie, tuipe kilomita 8 kwa lita: lita 87 na nusu, shilingi 262,500. Magari manne ya namna hiyo ni 1,050,000. Kwa watu wanne! Tofauti kati ya gari moja dogo na makubwa manne ni shilingi laki tisa. Laki tisa ni chumba na chakula cha mwalimu wetu, na vitabu vya kikundi kwa muda mrefu. Kikundi hichohicho, mwezi mmoja kabla, kilisema hakina fedha ya kununua nakala sita za riwaya mpya, tukasoma kwa kupokezana.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba suala si fedha wala barabara. Watu wazima hawachomi laki tisa kwa sababu ya kona za Mombo. Wanazichoma ili wasidaiane. Gari lako ni njia ya kuhakikisha hakuna anayekudai shukrani na wewe humdai mtu. Unaondoka unapotaka, unasimama unapotaka, husikilizi muziki wa mtu, hubebi harufu ya samaki wa mtu, huambiwi "ngoja kidogo" na mtu aliye chooni pale Chalinze. Tunaita uhuru. Lakini urafiki ni mtandao wa madeni madogo ambayo hayalipiki yote siku moja. Mimi nilikuletea dawa, wewe ulinifuata usiku Ubungo, mimi nilikaa na wanao. Ukisafisha madeni yote, umesafisha na urafiki wenyewe. Mnabaki watu wanaojuana.

Sasa nigeuke upande wetu, abiria, kwa kuwa mwenye gari hakufika kwenye "kila mtu na usafiri wake" kwa ubaya wa roho. Tumemfikisha. Mwenye gari yeyote Dar anaijua sentensi ya "tutachangia mafuta." Ni sentensi ya wakati ujao ambayo wakati wake haufiki. Anamjua abiria anayetoa elfu kumi asubuhi na kukaa kiti cha mbele kama mwenyekiti wa bodi. Anamjua anayeomba apitiwe Mbezi, kumbe anamaanisha Mbezi Beach na sio Mbezi ya Kimara, na gari lote linachelewa saa nzima. Anamjua anayelala tangu Kibaha mpaka Korogwe wakati dereva anapambana na malori, kisha anaamka kulalamika kwamba hapakuwa na choo kizuri. Anamjua anayefunga mlango kama anafunga kontena. Kisha giaboksi inaanza kulia wiki mbili baadaye, na abiria wote wanamwambia pole. Pole hainunui giaboksi. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walilisema hili kabla ya Toyota.

Kosa la msingi ni kudhani gari linakula mafuta tu. Tuendelee na hesabu yetu. Tuseme matairi manne ni shilingi 600,000 na yanadumu kilomita 40,000: hiyo ni shilingi 15 kwa kila kilomita. Tuseme oili na filta ni 150,000 kila kilomita 5,000: shilingi 30 kwa kilomita. Kwa matairi na oili peke yake, kilomita 700 zimekula 31,500, na bado hatujagusa breki, bushi, bima, wala uosho wa tope. Abiria anayechangia mafuta tu amemwachia mwenye gari deni ambalo halionekani mpaka siku fundi anapofungua boneti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na naitetea. Gharama ya gari ijumlishwe kabla ya kuondoka: mafuta, matairi, oili, maegesho. Kwa hesabu yetu, bila maegesho, ni 181,500 kwa gari dogo. Dereva asilipe hata senti. Yeye analipa kwa macho, kiuno na akili iliyokaa macho saa saba barabarani wakati nyinyi mnapiga soga. Abiria watatu wagawane: 60,500 kila mmoja. Ikiwa wako wanne, 45,375, na yule wa katikati nyuma, aliyekalia mfupa wa gari, apunguziwe. Fedha itumwe kwa simu usiku wa kuamkia safari, si baada ya kurudi, maana baada ya kurudi kila mtu ana mwezi mgumu. Na iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na rafiki vilevile.

Mtu atasema hesabu hizi zinaua ukarimu, kwamba rafiki wa kweli hahesabu. Mimi naona kinyume. Ukarimu usiohesabu ulimfikisha mwenye Noah mahali alipouza Noah. Tukishahesabu kwa haki ndipo ukarimu unapata nafasi yake ya kweli: mwalimu akiwa hana 45,375 mwezi huo, watu watano wanajua hasa ni kiasi gani cha kumbebea, na yeye anajua amebebewa nini. Hapo hakuna anayebaki nyumbani kwa aibu ya kiasi kisichotajwa. Aibu hukua pale ambapo bei imefichwa.

Wapo wenye hoja nzito zaidi na sitazikwepa. Mwenye watoto wawili wadogo na kiti cha mtoto anahitaji gari lake, asiulizwe. Mwanamke aliyewahi kukwama usiku na dereva aliyeanza kunywa bia Segera ana haki ya kutaka funguo ziwe kwake; huyo simwambii habari za kiti kitupu, namwambia aendeshe yeye na sisi tupande lake. Usalama ni sababu ya kuchagua dereva kwa makini, na gari moja lenye madereva wawili wanaopokezana ni salama kuliko magari manne ambamo kila mmoja anapambana na usingizi peke yake wakati wa kurudi Jumapili jioni. Nani anamwamsha dereva aliye peke yake? Redio?

Wengine wanasema mji umekua, tunaishi mbali, mmoja Kigamboni mwingine Tegeta, kukusanyana ni kazi. Ni kweli. Kukusanyana ni kazi, na mwendokasi hufanya sehemu ya kazi hiyo: kutaneni sehemu moja, gari liondoke hapo. Na kuna safari ambazo hazihitaji gari la mtu yeyote. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inabeba abiria kutoka Dar hadi Morogoro. Unashuka, unachukua bajaji hadi mjini, na milima ya Uluguru iko hapo juu yako. Njia ya Morning Side unaipanda kwa miguu. Behewa ni gari ambalo hakuna rafiki anayelimiliki, kwa hiyo hakuna rafiki anayelibeba. Kwa kikundi chenye kununiana juu ya mafuta, ningeanzia huko.

Lakini bado nalitetea gari dogo lililojaa, kwa sababu moja ambayo ni yetu sisi wasomaji. Kuanzia Chalinze kwenda juu, vibao vya 50 vinafuatana kijiji kwa kijiji na askari wako chini ya miembe. Huwezi kwenda haraka. Una saa sita au saba na watu walewale, magoti yamegusana, hakuna pa kukimbilia. Mabishano yetu makali kuhusu vitabu yalitokea humo. Mkutanoni, mtu akishindwa hoja anaangalia saa, anaaga, ana kikao kingine. Ndani ya gari hana kikao kingine. Lazima akusikilize mpaka Mkata, na wewe umsikilize mpaka Korogwe, na mkifika Mombo mmechoka kushindana, mnaanza kusema mnachofikiri kweli. Humo ndimo mwalimu alipotueleza kwa nini haamini mwisho wa riwaya moja tuliyokuwa tumeisifu wote, na hakuna aliyekuwa na la kujibu mpaka tukafika Soni. Magari manne hayana nafasi hiyo. Yana ujumbe wa sauti wa dakika moja, unaosikilizwa kwa kasi mara mbili.

Tunasoma kwa bidii vitabu vinavyolia juu ya matabaka, juu ya mji unaowatenga watu wake, juu ya msomi aliyesahau alikotoka. Tunapigia mstari kwa kalamu. Kisha tunapanga safari ambayo kiingilio chake ni kumiliki gari, na tunashangaa kwa nini kikundi kinazidi kuwa cha watu wanaofanana. Hatukuandika sheria ya kuwatenga wasio na gari. Tulichagua tu magari, mmoja mmoja, kila mtu kwa sababu zake nzuri, na sheria ikajiandika.

Basi pendekezo langu kwa kikundi chetu, na kwa chako kama kinafanana na chetu. Tangazo la safari ijayo lisianze na "kila mtu na usafiri wake," wala lisiulize nani ana gari gani. Lianze na idadi ya watu. Tuko sita, tunahitaji viti sita, magari mawili madogo au Noah moja ya kukodi yanatosha. Hesabu iwekwe wazi siku hiyohiyo. Dereva halipi. Wa pili mwenye leseni ajitaje; nimeshajitaja. Mwenye Prado aiache nyumbani ipumzike, wala hatumsemi vibaya, aje akae nyuma katikati akumbuke magoti yake yalivyo. Na mtu wa kwanza kupigiwa simu awe mwalimu, kabla tarehe haijapangwa, aulizwe wiki ipi hana mitihani ya kusahihisha.